Buluu ya Turubai

Saa 12 kasoro asubuhi, Soko la Samaki la Feri linasikika kuliko linavyoonekana. Injini za boti zinakohoa zikiingia kutoka mlango wa bandari, wabebaji wanapiga kelele za "Pisha! Pisha!" na matenga mabegani, madalali wanasafisha koo, na ng'ambo ya ukuta pantoni inateremsha watu wa Kigamboni wanaowahi kazini. Rangi zinakuja baadaye, tena kwa zamu. Nyeupe ndiyo ya kwanza: barafu, madeli, povu la mawimbi ufukweni. Halafu zinafuata buluu za mashua na kijani cha nyavu. Nyekundu huchelewa kuliko zote. Beseni jekundu lililokuwa karibu na miguu yangu nililiona jeusi kabisa, na likakaa jeusi kwa muda mrefu. Nilipogeuka kununua kahawa na kurudi, lilikuwa limewaka.

Hapo hapakuwa na uchawi wowote. Katika mwanga hafifu jicho la mwanadamu huona buluu na kijani vizuri zaidi, na nyekundu hulififia. Jan Purkyně, mwanasayansi wa Kicheki, alilieleza jambo hili mwanzoni mwa karne ya 19 baada ya kutazama maua alfajiri. Angekuja Feri asingehitaji maua, mabeseni yangemtosha.

"Ndiyo maana nawahi," aliniambia mchoraji niliyefuatana naye. "Ikifika saa 3 kila kitu kimeshavaa rangi yake na kutulia. Mimi nataka nikikute kinavaa, dada."

Ni kijana aliyekulia Temeke, anachora kwa rangi za akriliki, na ameniomba nisimtaje jina kwa sababu kuna wateja wanaomdai picha. Katika kazi zake hutakuta samaki wala mashua. Utakuta mistari mipana iliyovutwa kwa nguvu, madoa, mikwaruzo, na rangi iliyolundikwa mpaka inajitilia kivuli chake yenyewe. Hata hivyo watu wa Dar es Salaam wakisimama mbele ya picha hizo husema "hapa kuna joto" au "hii ni pwani", na mara nyingi hawakosei. Nilitaka kujua mchoraji wa namna hiyo, asiyekuwa na tembo wa kunakili wala mlima wa kukaa mbele yake, anaipata wapi malighafi yake. Nimesoma habari nyingi za msukumo unaomshukia msanii kutoka juu, na zinanishinda kuamini. Yeye alinijibu kwa maneno matatu tu: "Twende Feri kesho."

Soko hili lilijengwa kwa msaada wa Japan na lilianza kutumika mwaka 2002, hatua chache kutoka Ikulu, pale bahari inapobanwa kuwa mkondo mwembamba kabla ya kufunguka tena kuwa bandari. Ni nadra kukuta mahali ambapo Ikulu na mparaji wa samaki wanavuta upepo uleule. Watalii huletwa hapa pia, lakini huwa wanapita haraka, wameinua miguu kuepuka maji, na simu zao zinaelekea kwenye samaki mkubwa kuliko wote. Mchoraji wangu hakumtazama samaki mkubwa hata mara moja.

Alikuwa na kaunta buku lenye jalada gumu, sawa kabisa na lile ambalo madalali huandikia madeni, na hilo karibu litutie matatani. Mzee mmoja wa mnadani alisitisha bei katikati, akamkazia macho.

"Wewe ni wa ushuru?"

"Shikamoo, mzee. Hapana. Mimi nachora."

"Unachora nini?"

"Mkono wako."

Mzee aliutazama mkono wake wa kulia, akaugeuza, akautazama tena upande wa pili, halafu akaendelea na mnada kwa madaha yaliyozidi kidogo. Na kweli mkono ule ulistahili. Bei inapopanda anauinua taratibu, vidole vimekunjwa, kila sauti ya mnunuzi inausogeza juu kidogo. Bei ikifika anaukata hewani kwa mkupuo mmoja, na kundi zima la vibua linakuwa la mtu. Katika kaunta buku sikuona mkono. Niliona mstari mmoja wa penseli ya mkaa ulioanza mwembamba na kusitasita, ukanenepa, ukaishia ghafla. Chini yake kulikuwa na mwingine, na mwingine, ukurasa mzima. Alikuwa akijifunza mwendo.

Ukurasa uliofuata haukuwa na mchoro kabisa. Ulikuwa na maneno: "Nyeusi nusu. Buluu robo. Kijivu cha zege kinachobaki. Njano kidole kimoja tu, kwenye kona, lakini ndiyo inayopiga kelele." Alikuwa amehesabu mahali pale kama mpishi anavyopima viungo. Nikainua macho nikaona dumu la njano, moja, limeegemezwa kwenye nguzo, na kweli lilikuwa likikishinda kila kitu kingine pale. Nilikuwa nimesimama karibu nalo tangu tufike.

Mahali alipokaa muda mrefu kuliko pengine popote ni nje ya jengo, ambako wachuuzi wadogo wamejitandia maturubai ya buluu kukinga jua. Jua lilipopanda, mwanga ulianza kupenya kitambaa kile na kushuka umeshageuka rangi. Chini yake barafu ilikuwa ya buluu. Matumbo ya chaa yalikuwa ya buluu. Viganja vya mama aliyekuwa akipanga mafungu vilikuwa na buluu iliyochanganyika na kahawia, rangi ambayo sidhani kama duka lolote linaiuza. Damu iliyotiririka kwenye meza ilikuwa karibu nyeusi.

"Mama, karibu changu. Wabichi hawa, wameingia sasa hivi," yule mama aliniambia.

"Muulize wana rangi gani," mchoraji akaninong'oneza.

Nikamuuliza. Alinitazama kama anayetazama mteja mjanja anayetafuta njia ya kushusha bei. "Weupe," akasema. "Kwani wewe unawaonaje?"

Mama yule hakuwa amekosea. Ubongo wetu umezoea kuiondoa rangi ya kivuli ili tujue kitu kikoje kikiwa juani. Bila hivyo hakuna ambaye angeweza kuchagua samaki chini ya turubai, wala nguo dukani chini ya taa. Ni msaada mkubwa, na mchoraji kazi yake ni kuukataa kwa dakika chache. Alinionyesha namna. Kunja ngumi, acha tundu dogo katikati, chungulia sehemu moja tu ya samaki bila kuona kitu kingine. Nikachungulia. Changu "mweupe" alikuwa na rangi ya sare za shule zilizofifia kwa kufuliwa. Nikaitoa ngumi, akarudi kuwa mweupe. Nilifanya hivyo mara kadhaa, mpaka yule mama akaanza kucheka na kumwita jirani yake aje atuone.

Nadhani hapo ndipo niliposhika kile ambacho kijana huyu anakifuata Feri. Uchoraji wa hisia unasemwa mara nyingi kana kwamba unaanzia ndani ya mtu, kwamba msanii ana huzuni au furaha na anaimwaga kwenye kitambaa. Huenda wapo wa hivyo. Huyu anaanzia nje. Anatafuta mahali ambapo macho na mazoea yamegombana, na ugomvi huo ndio anaoubeba kwenda nao nyumbani. Hisia inakuja yenyewe, kwa sababu mtu aliyeonyeshwa samaki wa buluu anaoapa kuwa ni weupe hawezi kubaki ametulia.

Samaki wenyewe nao wana vituko vyao vya rangi. Pono akitolewa majini huwa na kijani, buluu na waridi kwa pamoja, lakini huanza kufifia mara anapokufa, kwa hiyo anayeuzwa saa 4 si yule aliyeshushwa alfajiri. Ngisi ndio walionishangaza zaidi. Ngozi ya ngisi imejaa vifuko vidogo vya rangi vinavyovutwa na misuli, na kwa aliyetoka baharini muda mfupi uliopita vifuko hivyo huendelea kufunguka na kufumba hata baada ya mwenyewe kufa. Tulimwinamia mmoja kwenye deli. Vidoa vya rangi ya kutu vilikuwa vikitokea na kupotea mgongoni mwake, huku na kule, bila mpangilio. Kijana aliandika neno moja tu, "vinapumua", akafunga daftari.

Kwa waparaji alilifungua tena. Vijana hawa wanakaa mstari mmoja, kila mmoja na gogo lake, wanakuparia samaki kwa ujira mdogo huku ukisubiri. Baadhi hutumia kisu. Wengine wana kipande cha ubao kilichopigiliwa vizibo vya soda, meno yakitazama chini. Magamba yanaruka hewani, yanawaganda mikononi, shingoni, hata kwenye kope. Mchoraji alikitaka kile kibao. Mwenye nacho alisema elfu moja. Alipoambiwa ni kwa ajili ya kuchorea, akasema elfu tatu, kwa sababu sanaa ina hela. Wakakubaliana elfu mbili, harufu ikiwa ndani ya bei.

Upande wa wakaangaji tulipita kwa njaa zaidi kuliko kwa sanaa. Moshi, makarai meusi, mafuta yanayochemka, samaki wanaoingia wa kijivu na kutoka wa dhahabu. Kilichonivuta pale ni kanga za akina mama, kwa sababu moshi ulikuwa umeziondolea rangi za katikati na kuacha zile kali tu. Kanga ni somo zima la mpangilio ambalo tunalifunga viunoni bila kulifikiria: pindo linazunguka pande zote, mji uko katikati, maneno yanakaa chini, na rangi mbili au tatu zinafanya kazi ya kumi. Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kukulia Uingereza, amechora kazi kadhaa kwa akriliki akichota muundo huohuo. Mwaka 2017 alipata Tuzo ya Turner, mojawapo ya tuzo kubwa za sanaa Uingereza. Nilimtajia kijana habari hiyo akiwa na kipande cha kolekole mdomoni. Akatikisa kichwa, akanionyesha kwa kidevu kanga ya mama aliyetuhudumia. Pindo lake lilikuwa jeusi, na mafuta yalikuwa yameongeza madoa ambayo mchapaji hakuyapanga.

Tulipanda daladala iliyopita Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, tukamalizia kwa bajaji hadi Mikocheni. Foleni ilikuwa ileile ya siku zote. Tulipoipita njia ya kuelekea Oysterbay, mazungumzo yakamgeukia mzee wa mji huu katika mambo ya rangi, Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyeanza kuchora karibu mwaka 1968 na kuuza kazi zake karibu na Morogoro Stores, hukohuko Oysterbay. Yeye alitumia rangi za mafuta za dukani, zenye kung'aa, juu ya vipande vya ubao laini wa dari. Alifariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi, baada ya miaka michache tu ya kuchora, na bado mtindo wake ndio unaotambulika kuliko mwingine wowote wa Tanzania. Wachoraji vijana wengine humbeza kwa sababu ya maduka yaliyojaa twiga waliofanana. Mimi naona wanamwonea. Alichukua kilichopatikana kwa fundi rangi na fundi seremala, akakifanya kiimbe. Twiga wa kunakili ni wa waliomfuata, na hata hao wamesomesha watoto kwa twiga hao.

Nafasi Art Space iko katika eneo la viwanda vidogo la Mikocheni tangu mwaka 2008. Studio zake nyingi ni makontena ya meli, jambo ambalo kwa mji wa bandari lina mantiki yake, na ndani ya kontena saa 7 mchana joto lina uzito. Joto hilo ndilo rafiki na adui wa akriliki. Rangi hii ni unga wa rangi uliochanganywa na chembe za plastiki ya akriliki ndani ya maji. Maji yakikauka, chembe zinashikana na kuwa ngozi moja angavu isiyoyeyuka tena kwa maji. Ni ndugu wa rangi za maji tunazopaka ukutani. Henry Levison wa Cincinnati, Marekani, ndiye aliyewatolea wachoraji ile ya kuchanganyika na maji mwaka 1955, kwa jina la Liquitex. Rangi ya mafuta ingemtaka kijana huyu asubiri siku kadhaa kati ya tabaka na tabaka. Ndani ya kontena lile tabaka jembamba linakauka ukiwa bado unatafuta kitambaa cha kufutia mikono.

Kwa hiyo anafanya kazi kwa kasi ya mnadani. Kitambaa chake ni marekani kilichowambwa kwenye fremu na kupakwa rangi nyeupe ya ukutani kama msingi. Alianza na rola, akamwaga nyeusi iliyotiwa buluu mpaka nusu ya kitambaa ikapotea. Mara kwa mara alipuliza maji kwa chupa ambayo zamani ilikuwa ya dawa ya kusafishia vioo, ili rangi isimkaukie. Halafu akachukua brashi pana ya mafundi wa nyumba, akasimama kidogo, akauinua mkono taratibu, na kuushusha kwa mkupuo. Niliutambua mkono ule. Mstari ulianza ukisitasita, ukanenepa, ukakatika ghafla upande wa chini.

Kisha kile kibao cha vizibo. Alipaka buluu nzito, ile ya turubai, aliyoihangaikia kwa kuchanganya nyeupe, kijani kidogo na tone la kahawia, na kabla haijakauka akaiparua. Vizibo viliacha mifereji mingi myembamba, na ndani ya mifereji ile ikachungulia nyeusi iliyokuwa imeshakauka chini. Kwa kadi ya vocha iliyokwisha alikwangua sehemu nyingine mpaka weupe wa marekani ukarudi. Alirusha matone ya maji juu ya rangi mbichi, akayaacha kidogo, akayafuta kwa kitambaa. Kila tone liliacha tundu lenye ukingo. Sikumuuliza kama ni ngisi.

Nyekundu ilikuja mwisho, ndogo kuliko ukucha, pembeni. Aliichanganya angavu kuliko aliyoihitaji kwa sababu akriliki huiva ikikauka: ile plastiki mbichi ina weupe wa maziwa, na weupe huo ukiondoka rangi inazama kidogo. Mchoraji asiyejua hilo huishia na picha yenye huzuni asiyoikusudia.

Wakati inakauka tulizungumza kuhusu Sam Ntiro wa Machame, aliyefundisha Makerere na baadaye kuwa balozi wa Tanganyika mjini London. Mwaka 1956 Ntiro alichora wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, na picha hiyo sasa imo kwenye hazina ya Museum of Modern Art, New York. Watu wamebeba pombe, wanatembea, basi. Nilisema kwamba hiyo ni habari ya kijijini ambayo kila Mchagga wa zama zile aliijua, na hakuna aliyedhani inafaa kuwekwa kwenye fremu. Kijana alisema kinachomvutia yeye ni usiku wenyewe: Ntiro ilimbidi aamue giza la mgombani lina rangi gani, na hakuna aliyeweza kumsaidia kuamua.

Simu yake ikaita. Nilisikia upande mmoja tu. "Ndiyo, bosi. Tembo wawili, ndiyo. Machweo, ndiyo. Ijumaa, bosi, bila kukosa." Alipokata alivuta fremu kubwa iliyokuwa imegeuziwa ukuta. Tembo walikuwa wameshachorwa kwa chaki, tayari, wametulia kama wanaosubiri daladala. Nilimuuliza kama kazi hizi hazimuudhi. Akasema kodi ya studio haipokelewi kwa madoa, na kwamba tembo ni mnyama mzuri, ana kivuli kikubwa.

Akachota buluu ileile iliyobaki kwenye sahani, akaanza kuipaka chini ya tumbo la tembo wa kwanza.

"Bosi si anataka kivuli cha kijivu?" nikamuuliza.

"Bosi hajawahi kununua samaki chini ya turubai," akasema, akaomba nimsogezee chupa ya maji.